Sauti isiyo na mahali

Mwanangu aliniita mara tatu kabla sijampata. Nyumba yetu ina vyumba vinne tu. "Mama, niko huku!" Nikaingia jikoni, hayupo. Nikaenda chumbani kwake, hayupo. Alipoita mara ya tatu nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyepotezwa msituni, na sauti yake bado ilikuwa inatoka pale pale ilipotoka mwanzo: kando ya sikio langu la kulia. Kumbe alikuwa mlangoni, nyuma yangu, hatua nne hivi. Alidhani namchezea. Alipoona machozi yananilengalenga ndipo alipojua kwamba si mchezo.

Ilikuwa siku ya 11 tangu sikio langu la kushoto lizime.

Lilizima usiku, bila maumivu. Niliamka Jumanne nikahisi kama maji yameingia, nikatikisa kichwa, nikabana pua na kupuliza, wapi. Nikaweka simu kwenye sikio hilo nikadhani imekatika. Mahali pa kwanza nilipokwenda nilipewa matone, nikaambiwa ni nta na mafua, nirudi baada ya wiki mbili. Sikukasirika wakati ule. Hasira ilikuja baadaye, nilipoelewa kwamba sikio linalozima ghafla namna hiyo ni jambo la dharura, na kwamba dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa katika siku za mwanzo. Wiki mbili zikishapita, nafasi imeshapungua sana. Naliandika hili mapema kwa makusudi. Ukiamka siku moja na sikio moja limeziba ghafla bila sababu unayoijua, usikubali kungoja. Nenda siku hiyo hiyo, na useme wazi kwamba limezima ghafla.

Daktari wa masikio niliyemwona baadaye alitumia kitu kidogo sana kunieleza ukweli. Aligonga chuma chenye meno mawili kama uma, kikawa kinalia, akasimamisha mpini wake katikati ya paji langu la uso. "Unaisikia upande gani, dada?"

Unaweza kulionja jaribio hilo hapo ulipo. Fumba mdomo, gugumia "mmm" kwa sauti moja. Utaisikia katikati ya kichwa. Sasa ziba sikio moja kwa kidole huku ukiendelea. Sauti itahamia upande gani? Wengi hudhani itakimbilia sikio lililo wazi, lakini inakwenda kwenye lile ulilolizibia. Ndivyo linavyofanya pia sikio lenye nta: mtetemo unaopita kwenye mfupa husikika zaidi upande ulioziba. Kwa hiyo kama tatizo langu lingekuwa nta, mlio wa kile chuma ungekwenda kushoto, kwenye sikio bovu.

"Kulia," nilisema. Daktari akanyamaza kidogo, akaandika. Mlio ulikuwa umelikimbia sikio bovu, na maana yake ni kwamba njia ya kupitisha sauti haina shida. Kilichokufa ni sehemu ya ndani kabisa, ile inayoigeuza sauti kuwa ujumbe wa neva. Sababu haikupatikana. Kwa watu wengi wanaopatwa na hali hii haipatikani.

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, umejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo. Kila sikio lina seli kama 15,000 tu hivi. Nilishangaa nilipoiona namba hiyo. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 90, na sikio, ambalo kwalo nimejifunza lugha, nimemtambua mama yangu kwenye simu kwa pumzi kabla hajasema neno, limepewa elfu kumi na tano. Zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kwa ndege zinarudi. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kifaranga aliyeharibiwa seli hizo kwa kelele huzikuza upya. Nimekaa usiku mwingine nikimfikiria kifaranga huyo kwa wivu kabisa.

Lakini sikuja kuandika juu ya seli zilizokufa. Nimekuja kuandika juu ya kitu ambacho sikujua kwamba ninacho hadi nilipokikosa. Nilitegemea kwamba mtu akipoteza sikio moja, dunia itapungua sauti, kama kupunguza redio hadi nusu. Haikuwa hivyo. Nikiwa peke yangu na mtu mmoja katika chumba kimya namsikia vizuri. Kilichopotea ni mahali. Sauti zote zinazonifikia sasa zinatokea upande wa kulia, karibu na sikio: gari la barabarani, mvua, mlango, mume wangu anayeongea akiwa kushoto kwangu kitandani. Nilikuwa nikiamini kwamba mahali ni sehemu ya sauti yenyewe, kwamba sauti huja imebeba anwani yake. Haiji na anwani. Sikio moja peke yake linaweza kusema "kuna sauti, nzito au nyembamba, kubwa au ndogo", basi. Anwani inaandikwa na ubongo.

Inaandikwaje? Jibu lake ni moja ya mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma. Sauti ikitoka kushoto inalifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa kuwa lazima izunguke kichwa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kichwa ni kidogo, hivyo ucheleweshaji mkubwa kabisa unaowezekana ni takriban sekunde 0.0006 hadi 0.0007. Huo ndio mwanya wote ubongo ulio nao wa kutofautisha kushoto na kulia. Nao hauutumii kwa kukisia tu. Mtu mwenye masikio mazima akisikiliza kwa makini anaweza kuitambua tofauti ya sehemu moja kati ya laki moja ya sekunde. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 kwamba kuna njia mbili zinazosaidiana: kwa sauti nzito tunapima muda, na kwa sauti nyembamba tunapima ukubwa, kwa sababu kichwa chenyewe huzikinga sauti nyembamba na kuacha kivuli upande wa pili. Kivuli cha sauti! Ujumbe wa masikio mawili hukutana chini kabisa, kwenye shina la ubongo, na hesabu hiyo inakuwa imekamilika kabla wewe hujajua kwamba umesikia chochote. Huwezi kuishuhudia ikifanyika. Unachokabidhiwa ni jibu tu, nalo linakufikia likiwa na sura ya ukweli mtupu: mtoto yuko mlangoni, nyuma, kushoto.

Miaka 42 nilikuwa napewa jibu hilo bila kuomba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shuleni nilikuwa na sifa moja. Nilikuwa naandika ubaoni, mgongo kwa darasa, mtu akinong'ona safu ya nyuma namtaja jina bila kugeuka. Wanafunzi waliamini nina macho kisogoni. Niliporudi kazini baada ya ugonjwa, nikiwa naandika, sauti ikauliza, "Mwalimu, hilo neno ni umoja au wingi?" Nikageukia kulia kwa tabasamu la mwalimu anayejua anachofanya, na kulia palikuwa na ukuta. Watoto 43 wakacheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja, na kile kimya kiliniuma zaidi ya kicheko.

Nikaweka chaki chini nikawaambia yote: sikio, chuma cha daktari, vidonge, kwamba huenda halitarudi. Kesho yake msichana wa safu ya mbele akasimama kabla sijafungua kitabu. "Shikamoo Mwalimu. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayesema kabla ya kunyoosha mkono, na anayesema atasimama mpaka amalize." Marahaba yangu ilitoka kwa shida.

Mpango wao ndio ulionionyesha jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Mtoto anaposema kabla sijamwona, sauti yake iko sikioni mwangu la kulia, imebanana hapo na sauti nyingine zote. Nikishamwona amesimama, midomo inacheza, sauti inahama. Nasema kweli, inahama. Inaondoka sikioni, inavuka darasa, inakwenda kukaa mdomoni kwake, na kuanzia hapo inatoka kwake. Akikaa, au nikifumba macho, baada ya muda mfupi inarudi tena kando ya sikio. Sikio langu halijapokea kitu kipya chochote; macho ndiyo yaliyoupa ubongo anwani, na ubongo ukaibandika juu ya sauti kana kwamba ilikuwa pale siku zote.

Nawe linakutokea, ila hulitambui. Ukitazama filamu, spika ziko pembeni au chini ya kioo, lakini unasikia maneno yakitoka vinywani mwa watu walio kwenye picha. Wanaojua kusema bila kuchezesha midomo huku wakimchezesha mwanasesere wanaishi kwa kosa hilo hilo. Na macho hayaibi mahali tu, yanaiba hata herufi. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichukua picha ya mtu anayetamka "ga" wakaibandikia sauti ya "ba". Watu wazima wengi waliosikiliza huku wanatazama walisikia "da", silabi ambayo haikuwa mdomoni wala kwenye spika. Ubongo ulipata taarifa mbili zinazogombana, ukasuluhisha. Nimelijaribu kwa sikio langu moja na ninaijua siri yake, na bado nasikia "da". Kujua hakusaidii, na hili ndilo linalonishangaza kupita yote. Ungedhani ukishamwambia ubongo "hii ni hila", utaacha.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda hata zaidi, kwa kuwa linagusa kazi yangu. Mwaka 1970 Richard Warren alirekodi sentensi, akaikata sauti moja katikati ya neno, akaifuta kabisa, na mahali pake akaweka kikohozi. Akawasikilizisha watu 20. Wote isipokuwa mmoja walisema hakuna kilichokosekana, na huyo mmoja alitaja sauti isiyo yenyewe. Wala hawakuweza kuonyesha hasa kikohozi kilitokea wapi katika sentensi. Walikisikia kama kitu kilichopita pembeni. Yaani waliisikia herufi ambayo haikuwapo, kwa sababu maana ya sentensi iliidai. Mimi sasa naishi hivyo katika vikao vya walimu. Watu watano wakisema kwa pamoja, masikio mawili yangenisaidia kumchomoa mmoja na kuwasukuma wengine nyuma. Sikio moja linanipa uji mmoja. Basi nachukua silabi ninazozipata, natazama midomo, nakumbuka tunajadili nini, na sentensi inakamilika kichwani. Mara nyingi inakuwa sahihi. Ikikosewa naisikia kwa uhakika ule ule, na hapo ndipo penye hatari: sentensi ya kubuniwa na sentensi ya kweli zinasikika sawa.

Tuna methali kwamba sikio halipiti kichwa. Tunaitumia kwa watoto na wakubwa wao, nami nimeifundisha hivyo miaka 16. Siku hizi naisikia kwa maana yake ya mwilini kabisa. Na nimeanza kukitazama kitenzi chenyewe upya. Tunasema nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia usingizi, nasikia maumivu. Wanafunzi huniuliza kwa nini kitenzi cha sikio kimepewa kazi za pua na ngozi na tumbo, na nilikuwa najibu kwamba ndivyo lugha ilivyo. Sasa nawaambia hivi: jaribuni kufikiri kwamba kusikia si kazi ya sikio. Ndani ya fuvu haingii sauti, haingii harufu, haingii baridi. Zinaingia ishara za umeme za aina moja, kutoka pande mbalimbali, na ubongo ndio unaoamua hii iwe njaa na hii iwe muziki.

Nimeulizwa sana: upande wa kushoto unasikia kimya? Hapana, na hili ni gumu kulieleza. Kimya ni kitu, unakisikia. Upande wangu wa kushoto hauna kimya, hauna chochote, kama ambavyo wewe huoni giza nyuma ya kisogo chako. Aliye na macho mazima anaweza kulionja jambo hili. Nyoosha mikono mbele, gumba zote mbili zimesimama na kugusana. Fumba jicho la kushoto. Kaza jicho la kulia kwenye gumba la kushoto, usilihamishe, kisha sogeza gumba la kulia polepole kwenda kulia. Likifika umbali wa kama sentimita 15, ncha yake itapotea. Hapo ndipo neva ya jicho inapotokea, hapana seli za kupokea mwanga, na Mfaransa Edme Mariotte aliligundua tundu hilo tangu miaka ya 1660. Tazama vizuri: hakuna doa jeusi hapo. Kuna ukuta tu, unaoendelea. Tundu hilo umelibeba tangu uzaliwe na hujawahi kuliona.

Ila sikio langu la kushoto halikukubali kuwa tundu tulivu. Tangu wiki ya kwanza kuna mlio huko, mwembamba, kama filimbi ya mbali isiyokata pumzi. Mwanzoni niliufurahia, nikadhani ni sikio linafufuka. Ni kinyume chake. Ubongo uliozoea kupokea kutoka upande huo, ukikosa, huongeza nguvu za kusikiliza, mpaka unazisikia ishara zake wenyewe. Usiku wa miezi ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Kilichonituliza ni utafiti wa mwaka 1953: Morris Heller na Moe Bergman waliwaingiza watu 80 wasio na tatizo la kusikia, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti, wakawaambia waandike wanachosikia. Asilimia 94 waliandika kwamba wanasikia kitu: mvumo, mlio, ngurumo. Mlio wako upo, msomaji wangu. Umefunikwa tu na dunia.

Na kwa macho ni vivyo hivyo. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Uswisi aliandika habari za babu yake, mzee wa karibu miaka 90 aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona kwa mtoto wa jicho. Mzee alikuwa anaona watu, ndege, majengo, vitu visivyokuwapo, naye akili zake zilikuwa timamu na alijua havipo. Hali hiyo imepewa jina la Bonnet. Nawaza ni wazee wangapi wameona hayo wakanyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Kama una mzazi anayepofuka, muulize kwa upole, na mwambie mapema kwamba linatokea.

Mlio bado upo ninapoandika. Nausikia mara chache zaidi. Kuna siku nzima zinazopita bila kuukumbuka.

Kilichonipa nguvu ya kuandika yote haya ni jaribio la Uholanzi la mwaka 1998. Mikunjo ya sikio la nje, ile tunayoidhani pambo, huibadilisha sauti kidogo kulingana na inapotokea, juu au chini, na ubongo umeisoma mikunjo yako mwenyewe tangu utotoni. Watafiti waliwatia watu vipande vya plastiki masikioni ili kuibadili mikunjo hiyo. Mara moja wakashindwa kujua kama sauti iko juu au chini. Wakaendelea kuvivaa, wakiishi maisha yao ya kawaida, na ndani ya wiki chache walikuwa wanajua tena. Vilipotolewa, masikio ya zamani yakafanya kazi pale pale, hawakusahau. Ubongo ulikuwa na kamusi mbili.

Nilimsimulia mwanangu, naye akaamua kwamba tutajaribu. Kila jioni tunazima taa za sebule, nakaa kwenye kiti katikati, anatembea pekupeku hadi pembe mojawapo ya nne, anapiga kofi mara tatu. Nageuza kichwa polepole kati ya kofi na kofi, kwa sababu nimegundua kwamba kofi linabadilika rangi likipita kwenye sikio la kulia, linakuwa kali au butu, kisha nanyoosha kidole. Anawasha taa, anaandika kwenye daftari. Mara 20 kila jioni. Wiki ya kwanza nilikuwa napata tano, ambazo hata aliye kiziwi angezipata kwa kubahatisha. Mwezi wa pili, saba. Jana, baada ya miezi minne, kaandika 11, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaniambia nisisimame, turudie, kwa kuwa la mwisho nilikuwa nimelijua kabla sijageuza kichwa.